Matairi ya sakiti kwa Toyota GT86: rahisi dukani au rahisi kweli?

Toyota GT86 ilipoingia sokoni mwaka 2012 ilivalishwa Michelin Primacy HP za saizi 215/45R17, aina ile ile iliyokuwa ikifungwa kwenye Prius. Haukuwa ubahili. Toyota walitaka gari jepesi lenye nguvu za farasi 200 licheze mkia katika mwendo ambao dereva wa kawaida anaweza kuumudu, na barabarani walifanikiwa. Ndani ya sakiti, yaani uwanja wa mbio za magari, mambo hubadilika. Primacy likishapata moto linaanza kuteleza, bega lake la nje linamenyeka, na kona uliyoipita vizuri mzunguko wa pili inakukatalia mzunguko wa sita. Hapo ndipo mtu anaingia mtandaoni kutafuta tairi lingine, na hapo ndipo bei inapoanza kumdanganya.

Ulinganisho huu namwandikia mtu wa aina moja: ana GT86, au pacha wake Subaru BRZ, anaishi Uingereza, anakwenda sakiti mara chache kwa mwaka, hana trela, na kila pauni anajua ilikotoka. Asubuhi anaendesha mpaka Brands Hatch kule Kent, anakimbia mchana kutwa, jioni anarudi nyumbani na gari lile lile. Kama wewe upo Muscat, Dubai au Nairobi, usiondoke. Joto linageuza baadhi ya majibu na nitalifikia mwishoni.

Kwa mtu huyu gharama ya tairi ina pande mbili ambazo dukani hazionekani. Ya kwanza ni muda litakaokaa kabla ya kwisha. Tuseme tairi moja linauzwa pauni 100 na linadumu siku sita za sakiti, na jingine pauni 200 linadumu siku tatu. La pili halijazidi mara mbili, limezidi mara nne. Ya pili ni safari ya kurudi: mvua ikianza saa kumi jioni, tairi lililokuwa shujaa saa nne asubuhi linaweza kukuweka kwenye mtaro kabla hujafika barabara kuu.

Namba iliyo ubavuni

Kwenye ubavu wa matairi mengi utakuta neno TREADWEAR na namba pembeni yake: 80, 100, 200, 300. Huo ni mfumo wa serikali ya Marekani, na matairi yanayouzwa Ulaya huwa nayo kwa sababu mengi huuzwa pande zote mbili za bahari. Tairi la kulinganishia hupewa 100, kisha tairi linalopimwa huendeshwa kilomita 11,600 hivi kwenye barabara za kawaida kule Texas, na uchakavu wa haya mawili unalinganishwa. Lenye 300 kwa nadharia linadumu mara tatu ya lile la kulinganishia.

Shida ni kwamba anayetoa namba hiyo ni mtengenezaji mwenyewe, na barabara ya Texas haina kona kama Paddock Hill ya Brands Hatch. Shida kubwa zaidi ni mashindano. SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, katika madaraja yake ya magari ya barabarani, hairuhusu tairi lenye namba chini ya 200. Basi watengenezaji wakaanza kutoa matairi laini sana, yaliyotengenezwa kushinda, na ubavuni yameandikwa 200. Ndiyo maana Yokohama Advan A052 na Hankook Ventus R-S4 yote yana 200, ilhali moja linakwisha upesi na jingine linakaa hadi ulichoke. Namba hii itumie kutenganisha makundi. Ndani ya kundi moja haikuambii kitu.

Ulilo nalo, au Nankang NS-2R

Kama hii ni siku yako ya kwanza ya sakiti, jibu langu litawaudhi wauza matairi: usinunue chochote. Michelin Pilot Sport 5, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6, au tairi lolote zuri la barabarani linakutosha. Hela hiyo nunua mafuta mapya ya breki na pedi zinazovumilia moto, maana breki za GT86 zitakushinda kabla ya matairi. Tena tairi la barabarani linalolia na kuteleza polepole linakufundisha. Linakwambia mapema kwamba unaingia kona na mwendo mwingi, na lina subira na mkono mzito kwenye usukani.

Jambo moja ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: tairi la barabarani lililolika nusu hufanya kazi vizuri zaidi kwenye sakiti kavu kuliko jipya. Kashata ndefu za tairi jipya, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa lami, hupinda zikisukumwa ubavuni, kule kupinda kunaleta joto, na joto linamenya mpira. Kashata zikishafika milimita nne hivi hutulia. Kwa hiyo Pilot Sport zako kuukuu usizitupe haraka. Kwenye mvua ni hadithi nyingine, kashata fupi hazitoi maji.

Baada ya siku kadhaa, ukianza kuhisi kwamba ni tairi linalokuzuia na si woga wako, Nankang NS-2R ndilo jina la kwanza utakalolisikia Uingereza. Linatengenezwa na kampuni ya Taiwan, linapatikana kwa 215/45R17 na 225/45R17, na bei yake inakaribiana na ya tairi zuri la barabarani, pengine chini kidogo. Ubavu wake ni mgumu, gari linajibu usukani papo hapo, na linavumilia robo saa nzima ya kukimbizwa bila kuanza kuteleza kama limepakwa mafuta. Linapiga kelele barabarani. Kwenye lami iliyolowa kidogo linavumilika. Kwenye maji yaliyotuama punguza mwendo sana.

Mtego wa NS-2R ni kwamba yako mawili yenye jina moja na sura moja. Lipo lenye namba 180, la mtaani, na lipo lenye 120, laini zaidi, lililolengwa mashindano. Tangazo la duka mara nyingine halisemi ni lipi, na kwenye picha huwezi kuyatofautisha. Uliza kabla hujalipa. Kwa anayefika sakiti kwa magurudumu hayo hayo, chukua 180. Lile la 120 linashika zaidi likishapata moto, lakini asubuhi yenye baridi ya Machi halina raha nawe mpaka mzunguko wa tatu, na barabarani unalisaga bure.

Ukiweka haya mawili kando kwa kando, Pilot Sport inashinda kila kitu nje ya geti la sakiti: mvua, utulivu, umri, mafuta. NS-2R inashinda ndani ya geti, na ushindi wake mkubwa si sekunde. Ni kwamba mzunguko wa kumi na mbili unafanana na wa nne. Dereva anayejifunza anahitaji tairi lisilobadilika chini yake kuliko anavyohitaji tairi lenye kasi.

Nusu kipara: Toyo R888R na Nankang AR-1

Haya yameidhinishwa kutembea barabarani, lakini ukiyatazama utajua yalizaliwa kwa kazi nyingine. Mifereji ni michache, kashata ni mabamba makubwa, na sehemu kubwa ya uso wake ni mpira mtupu. Toyo Proxes R888R lina namba 100 na Nankang AR-1 lipo kwenye eneo hilo au chini yake. Kushika kwake lami, yakiwa na moto, kunamshangaza mtu aliyetoka kwenye tairi la kawaida. Unachelewa kufunga breki, unawahi kukanyaga mafuta, na gari la farasi 200 linaanza kuwasumbua wenye farasi 300 kwenye kona.

Kati ya hayo mawili, mimi nachagua AR-1, na si kwa sababu ya bei peke yake, ingawa mara nyingi liko chini ya R888R. AR-1 linavumilia joto kwa muda mrefu. R888R huanza kwa nguvu, na kwenye gari jepesi kama GT86 linakaa vizuri, ila lina mwelekeo: michoro yake imekatwa kuzunguka upande mmoja tu. Hii ina maana kwa mfuko wako. Brands Hatch Indy, njia fupi ya sakiti hiyo, ni kilomita 1.94, mzunguko unakwenda na mwendo wa saa, na kona nzito ni za kulia. Tairi la mbele kushoto ndilo linaloumia. Snetterton, sakiti nyingine ya Uingereza, ni vivyo hivyo, kuna kona ya Coram inayopinda kulia muda mrefu mpaka unahisi tairi la kushoto linaomba msaada. Kuhamisha tairi lenye mwelekeo kutoka kushoto kwenda kulia inabidi fundi alivue kwenye rimu alifunge upya, na kila mara unamlipa.

Hata hivyo, kwa mtu asiye na trela wala seti ya pili ya rimu, yote mawili nayakataa. Barabara kuu usiku, mvua ya Kiingereza, maji kwenye nyayo za malori: tairi lenye mifereji michache linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Hakuna akiba inayofidia hilo. Baridi nayo ni adui. Mpira laini wa namna hii haupendi kugandishwa, na watengenezaji kadhaa wanaonya usiendeshwe wala kuhifadhiwa kwenye baridi ya kugandisha kwa kuwa unaweza kupasuka. Ukiwa na banda lisilo na joto, fikiria Januari kabla ya kununua.

Ndugu wawili wenye 200: A052 na R-S4

Yokohama Advan A052 ni tairi la ajabu. Linaamka mara moja, hata mzunguko wa kwanza kwenye lami ya baridi linashika, na kwenye mvua linawaacha mbali nusu kipara wote. Kama kuna saa inayokupima, na unakimbia mizunguko miwili mitatu halafu unapumzika, ni vigumu kulishinda kwa tairi la barabarani. Lakini bei yake Uingereza mara nyingi inakaribia mara mbili ya NS-2R, na ukilikimbiza robo saa mfululizo linapandisha joto, linalegea, na linaliwa haraka. Brands Hatch robo saa ni kama mizunguko kumi na tano. Umelipia mizunguko mitatu ya dhahabu na kumi na miwili ya kulipumzisha. Watu wanalisifu, na wanalisifu kwa haki. Wengi wao wanashindana.

Hankook Ventus R-S4 ni kinyume chake. Halina papara. Mzunguko wa kwanza na wa pili linakuwa gumu, baridi linaichukia, na kwenye mvua halina cha kujivunia. Likishapata moto linakaa hapo, saa baada ya saa. Marekani limejijengea jina kwenye mashindano marefu ya magari ya bei nafuu kama 24 Hours of Lemons, ambako kanuni inataka namba isiyopungua 190 na timu inataka tairi lisilohitaji kubadilishwa kila mara. Kwa hesabu ya gharama kwa kila saa ya kukimbia, sijui tairi la kundi hili linaloliacha mbali. Kama unaishi Texas au Arizona, na kikundi chako kinaingia sakiti dakika ishirini kwa zamu, acha kusoma hapa, nunua R-S4. Uingereza mvua inalipunguzia thamani.

Kwa yule mtu wangu wa Kent, basi, mpangilio ni huu: Pilot Sport aliyo nayo mpaka iishe, kisha NS-2R ya 180, na A052 pale tu atakapoanza kushindania muda. AR-1 inangoja sharti moja, nalo ni rimu.

Rimu za pili na saizi

Toyota walipolitangaza gari hili walisema kwamba ukikunja kiti cha nyuma, matairi manne ya sakiti yanaingia ndani pamoja na zana. Ni kweli, yanaingia, na harufu ya mpira itakaa na wewe wiki nzima. Ndiyo tofauti kubwa ya GT86 na magari mengine ya michezo: huhitaji trela kuwa na tairi la kufikia na tairi la kukimbilia. Boliti zake ni tano kwa mduara wa milimita 100, tundu la kati milimita 56.1, sawa na Subaru Impreza nyingi. Kwa hiyo rimu kuukuu za Impreza, zile ambazo kila fundi wa Subaru ana rundo lake nyuma ya gereji, zinaweza kukaa. Angalia tu zisiwe za STI, ile Impreza ya kasi, za kuanzia 2005, zile mduara wake ni 114.3, na ujaribishe kama zinapita kwenye kalipa za breki kabla hujazilipia. Mwenye rimu za pili anaweza kuchagua AR-1 bila kuogopa safari ya kurudi, na matairi yake ya barabarani yatadumu zaidi kwa sababu hayasagwi sakiti.

Kuhusu upana, ile namba ya kwanza ya saizi kwa milimita, jizuie. Rimu ya kiwandani ina inchi 7. Tairi la 215 linakaa juu yake bila tatizo, la 225/45 nalo linakaa na linaongeza milimita 9 tu za kimo. La 245/40 linataka rimu ya inchi 8 au zaidi, yaani manunuzi mengine, na gari lenye farasi 200 halina nguvu ya kuupatia moto mpira wote huo kwenye baridi. Naona watu wanavaa 245 ili gari lionekane limekaa vizuri. Picha zinapendeza.

Lingine linalookoa tairi kuliko chapa yoyote ni mlalo wa magurudumu ya mbele. GT86 inatoka kiwandani magurudumu ya mbele yakiwa yamesimama karibu wima, hivyo kwenye kona mwili ukilala, bega la nje linabeba kila kitu na kuisha huku katikati pakiwa bado papya. Boliti za kurekebishia zinauzwa bei ndogo na zinakupa kama digrii moja na nusu kuelekea ndani. Mwambie fundi wa alaimenti unataka mlalo, na usimruhusu akurudishie vipimo vya kiwandani kwa mazoea.

Upepo nao: NS-2R anza na psi 28 hivi asubuhi likiwa baridi, toka sakiti baada ya mizunguko kadhaa, pima hapo hapo likiwa na moto, na punguza mpaka lisome kati ya 32 na 34. Jioni tairi likishapoa, jaza tena kufuata kibandiko cha mlangoni kabla ya kuondoka.

Joto la Ghuba na Nairobi

Kila nilichosema kuhusu kuamka asubuhi kwenye baridi hakina maana kwenye sakiti za Ghuba kama Dubai Autodrome au Yas Marina. Huko tatizo ni moja, lami inayochoma. A052 linaharibika upesi zaidi, tairi la barabarani linalegea ndani ya mizunguko michache, na faida za R-S4 zinajitokeza zote bila hasara zake, maana mvua ni ya nadra na hakuna lami ya baridi. AR-1 nalo linafaa kule, kwa yule mwenye rimu za pili. Siku za sakiti za jioni, kuanzia Novemba, zitakuongezea maisha ya tairi lolote.

Nairobi iko katikati. Joto si kali, ila mvua za masika hazina simile, na barabara ya kwenda Athi River ina mashimo ambayo ubavu mwembamba hauyapendi. Hapo NS-2R ya 180 inabaki jibu zuri kama unaweza kuipata, na zile rimu za Impreza hutazikosa. Matairi ya mitumba kutoka Japani yanavutia kwa bei, na mara nyingine utakuta tairi la mbio likiwa na kashata nzuri tu. Kabla hujafurahi, soma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 1816 ni wiki ya 18 ya mwaka 2016. Mpira wa mbio hukauka kwa umri na kwa kila mara unapopata moto na kupoa, na ukikauka kashata zote hizo hazishiki chochote. Bonyeza kwa ukucha. Usipoacha alama, mwachie muuzaji tairi lake.